Unamwita mwanao Tyler? Umemwita Fundi Vigae!

Wiki hii tuweke kando habari za mapenzi na mitindo ya nywele, tuzungumze kuhusu majina. Hebu jioni moja pita mtaani kwenu ule muda ambao akina mama wanawaita watoto wakaoge. Zamani ungesikia Juma, Asha, Neema, Baraka, Mwajuma. Siku hizi masikio yanapigwa na akina Jayden, Mason, Taylor, Carter, na huyu ninayemtaka leo, bwana mdogo Tyler, ambaye sisi Waswahili tunamtamka Taila.

Mama mwenye mtoto Tyler ukimuuliza maana ya jina, atakutazama kama mtu aliyeshuka jana kwenye basi la mkoani. "Jina zuri tu," atakujibu. Mwingine atasema kalisikia kwenye sinema, mwingine atasema ni jina la kisasa, halina ushamba. Sina ugomvi nao. Lakini mimi ni mtu wa kupenda kujua, na ingawa shule yangu iliishia kidato cha nne, kitabu hakijawahi kuniomba cheti kabla hakijafunguka. Nikafuatilia. Nilichokuta kimenifanya nicheke, halafu kikanifanya nifikiri sana, na mwisho wa makala utajua kwa nini.

Kwa kifupi, ndugu yangu, Tyler maana yake ni fundi vigae. Basi. Hakuna mwana wa mfalme wala malaika hapo. Ni mtu mwenye udongo mikononi na ngazi begani.

Tailizi na Taila ni ndugu

Kigae kwa Kiingereza cha kale kiliitwa "tigele", neno ambalo Waingereza walilipata kwa Walatini waliosema "tegula", lenye asili ya kitenzi cha kufunika. Kigae kinafunika paa, si ndiyo? Mtu wa kufinyanga vigae au kuviezeka akapewa jina kutokana na kazi hiyo, na kwa kuwa makarani wa zamani kila mmoja aliandika kadiri alivyosikia, tahajia ya Tyler ikawa mojawapo na ikabaki.

Sasa angalia kichekesho. Neno letu la mtaani, "tailizi", tunalolitumia kwa marumaru za sakafuni na bafuni, limetoka kwenye neno hilohilo la Kiingereza. Kwa hiyo Tyler na tailizi ni ndugu wa tumbo moja. Yule kaka anayepiga magoti sebuleni kwako, penseli sikioni, anapanga tailizi huku wewe unamnung'unikia bei, ndiye Tyler mwenyewe. Tofauti ni kwamba huyu anaishi Mbagala.

Kwa nini waliitana kwa kazi?

Waingereza wa kale hawakuwa na majina ya ukoo kama tunavyoyajua leo. Mtu alikuwa na jina moja, akitosheka nalo. Baada ya Wanormani kutoka Ufaransa kuiteka nchi mwaka 1066, majina ya zamani yalianza kupotea na watu wakajazana kwenye majina machache: William, Robert, Richard, Thomas, na hasa John. Fikiria kijiji chenye akina John kumi na tano! Ukisema John ameiba kuku, ni yupi? Na karani wa kodi ataandika nini kwenye daftari lake?

Ndipo watu wakaongezewa utambulisho. Wengine waliitwa kwa mahali wanakotoka, wengine kwa jina la baba, wengine kwa sura au tabia, na wengine kwa kazi. Hata sisi tunafanya hivyo kila siku. Kwenye simu yako si umeandika "Juma Fundi Bomba", "Mama Samaki", "Hassani Bodaboda"? Basi Waingereza walifanya hivyohivyo, ila wao baada ya muda lile jina la kazi likaganda. Karne ya 14 ilipokuwa inakwisha, mtoto wa fundi vigae alikuwa anaitwa Tyler hata kama mwenyewe anauza maziwa.

Moto, kimbunga na peni tatu

Usidhani kazi ya vigae ilikuwa ya kubahatisha. Mwaka 1212 moto mkubwa uliunguza London, na jiji likapiga marufuku kuezeka nyumba mpya kwa nyasi na matete. Waliotaka kujenga waliambiwa watumie vigae, mbao au risasi. Hebu pata picha fundi vigae wa wakati ule, siku moja mtu wa kawaida, kesho yake jiji zima linamtafuta.

Halafu likaja lile gonjwa la tauni mwaka 1348 na 1349, likaua watu wengi mno. Mafundi waliobaki wakawa adimu, wakaanza kudai malipo makubwa zaidi. Wakubwa wakakasirika, na mwaka 1351 wakatunga sheria ya kubana ujira. Sheria hiyo ilitaja kazi kwa majina: fundi vigae alipwe peni 3 kwa siku, na saidia fundi wake peni moja na nusu. Mwezekaji wa nyasi naye alipangiwa peni 3 hizohizo. Mwaka 1362 kimbunga kikang'oa mapaa ya watu, kila mwenye nyumba akawa anamlilia fundi, na mfalme akatoa tena amri kwamba vigae na ujira wa mafundi visipandishwe bei.

Baadaye, mwaka 1477, hata kigae chenyewe kiliwekewa sheria. Kipimo chake kilitakiwa kiwe karibu sentimeta 27 kwa 16, unene kama sentimeta moja na nusu. Udongo uchimbwe kabla ya Novemba mosi, ugeuzwe kabla ya Februari mosi, na usianze kufinyangwa kabla ya Machi mosi, ili baridi kali ya kwao iulainishe vizuri. Leo tunasema kazi ya fundi haihitaji akili!

Tyler aliyemtetemesha mfalme

Sasa tufike kwenye uhondo. Mwishoni mwa mwaka 1380 Bunge la Uingereza lilipitisha kodi ya kichwa, ya tatu ndani ya miaka minne. Wazee wetu hawahitaji kuelezwa kodi ya kichwa ni kitu gani, wanaijua vizuri. Kila mtu wa kuanzia miaka 15, mwanamume kwa mwanamke, isipokuwa ombaomba, alitakiwa kutoa shilingi moja, yaani peni 12. Piga hesabu. Kwa fundi wa peni 3 hiyo ni kazi ya siku nne, na akiwa na mke ni siku nane. Saidia fundi siku nane peke yake.

Mwezi Mei 1381 wananchi wa Essex wakagoma, Kent nao wakainuka. Kiongozi wa msafara akawa Wat Tyler. Wat ni kifupi cha Walter, na Tyler unalijua tayari. Hati za mahakama za wakati ule zimemwandika Teghelere. Juni 13 waasi waliingia London. Wakachoma jumba la kifahari la Savoy la John of Gaunt, baba mdogo wa mfalme, wakachoma nyaraka, na kesho yake wakamkata kichwa askofu mkuu Sudbury, aliyekuwa pia mkuu wa serikali, pamoja na mweka hazina.

Mfalme Richard wa Pili alikuwa mvulana wa miaka 14. Juni 15 alikutana na Wat Tyler uso kwa uso pale Smithfield. Tyler akadai utumwa wa mashambani ukomeshwe na mali za kanisa zigawanywe kwa watu. Maneno yakageuka ugomvi, meya wa London William Walworth akachomoa silaha akamjeruhi, na kabla ya siku kwisha kichwa cha Tyler kilikuwa kimetungikwa juu ya Daraja la London. Ahadi zote alizotoa mfalme zikafutwa. Ila kodi ile nayo ikaogopwa kama ukoma, na watawala wakakaa nayo mbali kwa muda mrefu.

Hapo hapo, usiondoke, nikupe kitu cha kuwatambia washikaji kijiweni. Kodi ya kichwa ilirudi Uingereza karibu miaka 600 baadaye, England ikianza kutozwa mwaka 1990. Jina rasmi lilikuwa lingine lakini wananchi waliiita hivyohivyo. London ikawaka fujo Machi 31 mwaka huo, na kodi hiyo ilichangia kumng'oa waziri mkuu Novemba. Waziri mkuu ni nani? Margaret Thatcher. Na Thatcher, jina alilolipata kwa mumewe, nalo ni la kazi: mwezekaji wa nyasi! Fundi vigae aliipinga kodi, fundi nyasi akaileta tena. Wote walikuwa wa peni 3.

Kutoka ukoo hadi jina la mtoto

Utauliza, jina la ukoo limefikaje kwenye cheti cha kuzaliwa cha mtoto wa Kinondoni? Njia yake imepitia Marekani. Huko, hasa majimbo ya kusini, familia zilikuwa na desturi ya kumpa mtoto jina la kwanza kutokana na ukoo wa mama, ili ukoo usipotee mama anapoolewa. Wengine waliwapa watoto majina ya wakubwa. Tyler mkubwa kuliko wote kwao ni John Tyler wa Virginia, rais wa 10, aliyetawala kuanzia 1841 hadi 1845. Alikuwa makamu wa rais wa kwanza kurithi kiti baada ya bosi wake, William Henry Harrison, kufariki mwezi mmoja tu tangu aapishwe. Mji wa Tyler huko Texas umeitwa kwa jina lake. Usimpambe sana lakini: alimiliki watumwa, na vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka aliegemea upande wa waliotaka utumwa uendelee.

Jina likasambaa. Miaka ya 1990 Tyler lilikuwa ndani ya majina 10 yanayopendwa zaidi kwa wavulana wa Marekani, na leo huko limeshuka sana, wenyewe wamelichoka. Sisi ndio kwanza tumelishika! Wasanii nao wamelisukuma. Wengine walilichagua wenyewe kama nguo dukani: mwimbaji Bonnie Tyler wa Wales alizaliwa Gaynor Hopkins, na Steven Tyler wa bendi ya Aerosmith alizaliwa Steven Tallarico. Mtengeneza sinema Tyler Perry alizaliwa mwaka 1969 akaitwa Emmitt kama baba yake, na alipofika miaka 16 akalitupa jina hilo kujitenga na baba aliyemtesa. Mwanamuziki anayejiita Tyler, the Creator ni Tyler Okonma, baba yake Mnigeria. Na yule dada wa Johannesburg, Tyla, aliyebeba tuzo ya Grammy mwaka 2024, jina lake ukilitamka halipishani hata nukta na Tyler.

Kabla hujaanza kunong'ona habari za Frimasoni, maana nawajua mlivyo, nikusaidie. Ni kweli mlinzi anayekaa nje ya mlango wa mkutano wao huitwa Tyler. Ni cheo cha mlinzi wa mlango. Mtoto wa jirani yako hahusiki, mwacheni acheze.

Wenzake Tyler

Tyler hayuko peke yake. Kumbuka hii orodha siku ukialikwa kwenye sherehe ya kumtoa mtoto. Taylor ni fundi cherehani. Mason ni mwashi, jina ambalo mwaka 2011 lilishika namba 2 kwa wavulana wa Marekani. Cooper ni fundi mapipa. Carter ni mtu wa mkokoteni. Sawyer ni mpasua mbao. Tanner ni mtengeneza ngozi, kazi ya harufu kali kweli. Chandler ni mtengeneza mishumaa, Fletcher mtengeneza mishale, na Spencer ni mtunza stoo ya chakula cha tajiri. Ukiwakusanya watoto hawa wote siku ya bethidei, na keki ya ghorofa mbili katikati, una gereji kamili ya mafundi.

Na usiseme haya ni ya Wazungu. Nani hamjui mtu anayeitwa Mshana? Washana ni ukoo wa Upareni wa wahunzi, wafua chuma. Historia ya Ugweno inasimulia kwamba walitawala kwa nguvu ya ufundi wao huo mpaka Wasuya walipowapindua. Kwa hiyo Mshana wetu na Smith wa Uingereza ni watu wa karakana moja. Wapare hawakuona haya kumwita mtu kwa nyundo yake.

Haya yanakuja nyumbani

Nimeyachimba yote haya kwa sababu dada yangu amejifungua mtoto wa kiume na akatangaza kwamba anaitwa Tyler. Na baba yetu, msomaji, ni fundi. Alianza kwa kupandisha kenchi na kuezeka mabati, akaingia kwenye mapaa ya vigae, na umri ulipomzuia kupanda juu akashuka sakafuni kwenye tailizi. Magoti yake yote mawili yameota sugu ngumu kama soli ya kiatu. Ada zetu zimetoka kwenye magoti hayo. Hata gauni la harusi la dada.

Lakini dada alipopeleka wakwe nyumbani kujitambulisha, baba alitajwa kuwa "mkandarasi". Nilikuwepo. Mzee alikaa kimya, akaviweka viganja vyake chini ya meza, akazungumza kidogo sana siku ile. Hakuna aliyelisema jambo hilo tena, ila tangu siku hiyo akienda kwa dada anavaa shati la mikono mirefu hata jua likiwaka vipi.

Siku tuliyokwenda kumwona mtoto, mzee akampakata, akauliza kwa upole, "Mama, hili jina lina maana gani?" Dada akajibu kama wanavyojibu wote, "Jina zuri tu, baba, la kisasa." Uvumilivu ukanishinda. Nikasema, "Mzee, maana yake ni fundi vigae."

Dada akanikata jicho. Alidhani namtania. Nikaeleza yote, ule moto wa London, ile sheria, yule Wat na mfalme. Mzee alisikiliza bila kunikatisha. Nilipofika kwenye peni 3 akanyanyua kichwa.

"Na saidia fundi wake?"

"Peni moja na nusu."

"Nusu," akasema. "Na sisi mpaka leo ni hivyohivyo, nusu." Akacheka kidogo, halafu akamgeukia dada. "Sasa mama, kama mlikuwa mnataka Fundi, si mngenitazama mimi?"

Hakusema kwa hasira, na nadhani ndiyo sababu dada alilia. Alitoka kwenda jikoni, akakaa huko kitambo, mpaka shemeji akaniuliza kama nimefurahi sasa. Sikumjibu.

Cheti cha kuzaliwa kimetoka, mtoto kaandikwa Tyler. Babu yake anamwita Fundi, na dada akisikia anaitika kwa niaba ya mwanawe. Juzi nilipofungua fomu ya kliniki aliyoijaza kwa mkono wake, sehemu ya ndugu wa karibu kaandika jina la baba, na kwenye kazi kaandika: fundi vigae.

Sasa wewe je?

Simkatazi mtu kumwita mwanawe Tyler, Mason wala Cooper. Ni majina ya watu waliojenga nyumba za wenzao kwa mikono, na mmoja wao alisimama mbele ya mfalme akadai haki za watu. Ninachouliza ni hiki: inakuwaje jina la fundi likiwa la Kiingereza tunalikatia keki, na fundi mwenyewe akija mlangoni anaambiwa apite uani? Tunamwita "we fundi!" bila hata salamu, tunamkopa hela yake, tunamwekea maji kwenye kopo la plastiki wakati glasi zimejaa kabatini. Na vijana wenzangu tukiulizwa kazi ya mzazi tunaanza kutafuta maneno makubwa.

Kwa hiyo, mama Tyler na baba Tyler, siku kijana akikua akawauliza jina lake lina maana gani, mwambieni ukweli bila kuona aibu. Na yule fundi anayemalizia bafu lako wiki hii, mlipe leo, siyo "njoo Jumatatu". Wenye majina ya kazi wengine mniandikie, tutaongea. Wiki ijayo Mungu akipenda tutaona kwa nini wanaume wa mjini hawataki kuitwa majina ya babu zao. Kwa leo, alamsiki.